Muha wa Bati na Spana Zangu

Nyie vijana wa Gungu mnaopita mbele ya nyumba yangu na bodaboda zinazokohoa, punguzeni mwendo kidogo. Kelele hiyo ni tapeti. Zimelegea. Nimesikia kutoka barazani, nimekaa, kikombe mkononi. Mwenye pikipiki ataipeleka kwa fundi wa pale kona, atabadilishiwa plagi ambayo haikuwa na kosa lolote, na kesho atapita tena inakohoa vilevile. Mtakapochoka kukohoa, njooni mkae hapa mjifunze kitu.

Wengi wenu mnanijua kwa ile fremu ya sebuleni. Ndiyo, ni Diploma ya Ufundi Mitambo, na ndiyo, ni yangu. Niliondoka hapa kwa treni, daraja la tatu, nimevaa viatu vya binamu. Nilirudi na viatu vyangu na diploma yangu. Katikati hapo hakuna mjomba aliyenitafutia nafasi wala shangazi aliyemjua mkuu wa chuo. Nimeitundika mkabala na mlango, mgeni aione kabla hajaniona mimi. Mke wangu aliwahi kusema mahali pale pangefaa saa. Saa ipo jikoni, inakwenda vizuri tu.

Nataka niwaambie habari za wale roboti wawili, kwa sababu nasikia huko mitaani mnasema mzee ameanza kuchanganyikiwa. Mmoja wao yupo Mwamgongo hadi leo, anavuta nyavu. Pandeni boti mkamuulize. Ila mkifika msimguse kabla ya kumsalimia, na salamu iwe ndefu, ya Kiha hasa, ya kuulizana mpaka habari za mbuzi. Mkikatisha, atawasema mbele ya watu, na mdomo wake nimeushindwa mimi niliyemfunza.

Ilikuwa miaka ile ya wakimbizi, maboti yakishusha watu kutoka ng'ambo karibu kila siku. Siku moja mchana kweupe kitu kilishuka kutoka angani, kikapiga maji mbele ya Mwamgongo, na wimbi lake likapindua boti lililojaa Warundi. Wavuvi walipofika walikuta chuma kinapanda kutoka chini, kikubwa kama ndama wa miaka miwili, miguu minne, ngozi inang'aa kama ndani ya birika jipya. Mgongoni kimembeba mwanamke. Kikamlaza mchangani, kikarudi majini. Kikaleta mwingine, kikarudi tena. Hakikuacha mpaka wote wametolewa, na wote walikuwa hai, wanatapika maji na kumtaja Imana, Mungu kwa Kirundi.

Yule mwanamke wa kwanza alikuwa Mama Esperansi. Alipopata pumzi alikishika kile chuma shingoni, akakiita Mugenzi, yaani mwenzangu. Jina likakaa.

Baadaye sana, watu wameshakauka, akatokea roboti wa pili. Huyu alipanda ufukweni taratibu, bila kubeba chochote, akasimama kando. Walipomuuliza baadaye, akiwa ameshajua Kiswahili, kwa nini hakusaidia, alijibu kwamba alikuwa chini ya maji akisubiri maelekezo. Tukamwita Katibu.

Mapokezi ya ufukweni yalikuwa na utaratibu wake: anayetoka majini anafunikwa blanketi, anapewa uji, ndipo anaulizwa katoka wapi na kamkimbia nani. Wale roboti nao walipangwa mstarini. Mugenzi alipewa blanketi akamfunika mtoto aliyekuwa nyuma yake mstarini. Katibu aliuliza blanketi ni la kazi gani na nani ameliidhinisha. Basi wangekuwa wakimbizi kama wengine, lakini habari zikafika kwa wakubwa, na wakubwa hawawezi kuona kitu kinachong'aa wakakiacha juani. Wakaletwa Kibirizi, wakafungiwa ndani ya ghala kando ya ziwa, senyenge pande zote, askari mlangoni.

Mkuu wa ghala alikuwa Afande Maganga, Mnyamwezi wa Tabora, mrefu, tumbo limetangulia. Alipewa kazi ya kujua vyuma vile ni nini, na yeye mwenyewe redio ya mkulima ilikuwa inamshinda. Akaagizwa mtaalamu kutoka Dar. Mtaalamu alifika na miwani ya jua, akawamiminia wote wawili grisi ya magurudumu ya lori, akapanda treni akarudi. Roboti wakaganda kama sanamu. Ndipo mtu mmoja mwenye akili akauliza: hivi hapa Kigoma hakuna mwenye diploma?

Nilifika nimechomekea shati. Afande alinitazama juu mpaka chini, akaniuliza kabila. Nikamwambia. Uso ukamng'aa.

"Muha! Nimeomba fundi wameniletea mtani. Haya, salamu zenu hizo zianze sasa hivi, labda zitaisha kabla ya pensheni yangu."

"Afande, nashangaa kukukuta umekaa. Nilidhani Mnyamwezi akifika Ujiji anatafuta kwanza mzigo wa kubeba."

"Nitakubeba wewe, nikakutupe mto Malagarasi."

"Ukinibeba bila posho, babu zako watacheka kaburini."

Tukapeana mikono. Nyie watoto wa siku hizi utani mnaujua wa kwenye simu tu, kumtumia mtu picha ya nyani. Utani wa makabila ulikuwa kazi yenye masharti. Mtani anaweza kukutukana babu yako, kuchukua kuku wako, kulala ndani ya kaburi la baba yako na kukataa kutoka mpaka apewe chake, na wewe huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika umejiaibisha. Na sharti la pili, ambalo ndilo lenye uzito: uliyemkubali kuwa mtani huwezi kumdhuru kweli. Unamchoma kwa maneno ili usimchome kwa mkuki. Lishikeni hilo, tutalihitaji mbele.

Basi nikaanza kazi. Kwanza niliwasafisha grisi yote kwa mafuta ya taa na matambara. Halafu nikatafuta sauti. Aliyenifundisha kutafuta sauti ni marehemu Mzee Rajabu, fundi wa injini za maboti pale Ujiji, ambaye nilimtumikia kabla sijaenda chuo. Anachukua kijiti kikavu, ncha moja kwenye injini, ncha nyingine kwenye mfupa nyuma ya sikio, anafumba macho. Nilipouliza kwa nini anafumba macho, alinipiga kijiti kile kile kichwani akasema, "Kwa sababu ya watu kama wewe wanaouliza nikiwa nasikiliza." Chuoni nilikuta mashine ya Ulaya ya kazi hiyohiyo, ina betri. Kijiti kilinishinda kukiacha. Ninacho hadi leo.

Kwa kijiti kile nilisikia viungo vya Mugenzi vikilia kwa ukavu, kama mlango wa kanisa. Mafuta ya injini yaliwachafua. Mafuta ya cherehani yakakauka mara moja. Mama Esperansi, ambaye alikuwa ameruhusiwa kuja kupikia walinzi kwa sababu Mugenzi hakuwa anaongea na mtu mwingine yeyote, alikuwa jikoni anakaanga migebuka, samaki wa ziwani. Nilinusa. Nikainuka, nikachukua bakuli la mawese, nikayachuja kwa kitambaa, nikamtilia Mugenzi kwenye goti.

Goti likanyooka bila mlio.

"Fundi," akasema Mugenzi, na yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu, "hiki ndicho mnachokula?"

"Ndicho."

"Mbona basi nyinyi bado mnalia magoti?"

Naam, mawese. Mtaalamu wa Dar hakuyawaza, na vitabu vyake havikuyawaza. Ni kweli kwamba asubuhi za baridi mawese yaliganda, na ilitubidi tuwaanike roboti wote wawili juani pamoja na dagaa mpaka walainike, na wanawake wa Kibirizi wakawa wanawageuza wakipita, upande huu na upande ule. Ni kweli pia kwamba kuku walikuwa wakiwafuata. Afande aliita hilo kosa langu. Lilikuwa jaribio. Mtu asiye na diploma hawezi kutofautisha.

Sasa mjue tofauti ya wale wawili. Mugenzi alikuwa anakaa jikoni. Alijifunza Kirundi na Kiswahili kwa Mama Esperansi, matusi kwa wauza dagaa, na utani kwa kunisikiliza mimi na Afande. Mwanzoni utani ulimchanganya.

"Umesema utamtupa Malagarasi," alimuuliza Afande siku moja. "Mbona umempa nusu ya mgebuka wako?"

"Nimnenepeshe kwanza. Muha mwembamba anaelea."

Mugenzi akapiga mahesabu yake ya ndani. Halafu tumbo lake likatoa mlio ambao hatukuwahi kuusikia, tok, tok, tok, kama kifuniko cha sufuria inayochemka. Mama Esperansi akaacha mwiko. "Yoo! Anacheka!"

Katibu hakukaa jikoni. Kila siku jua likiwa utosini alitoka uani, akageukia milima ya Kongo, akanguruma kwa muda. Alikuwa anatuma ripoti kwa waliomtengeneza, huko walikotoka. Aliripoti idadi ya misumari ya ghala. Aliripoti kwamba Wanyamwezi na Waha wako vitani, ila wanapumzika wakati wa kula. Aliripoti kwamba Mugenzi amepotoka, anacheka bila kibali. Halafu alisubiri, kimya, mpaka jibu lije. Nilimuuliza huko kwao wanawajali kiasi gani.

"Swali hilo halimo katika majukumu yangu, fundi."

"Mugenzi, wewe je?"

Mugenzi alikuwa anamenya muhogo. "Mimi naambiwa na wale wa juu: chunguza, usiguse. Mama Esperansi alikuwa anazama. Ningemchunguza vipi akiwa chini ya maji? Nikamgusa. Sasa sijui mimi ni wa nani. Wa juu ndio walionitengeneza. Huyu ndiye aliyenipa jina."

"Na Afande aliyekufungia?"

"Yule ni mtani wako. Bado hajawa wangu."

Siku zikaenda, mpaka amri ikaja kutoka kwa wakubwa wa Afande: roboti mmoja afunguliwe, kipande kwa kipande, afungwe kwenye masanduku, apakiwe kwenye treni. Achaguliwe Mugenzi, kwa kuwa ndiye aliyeonekana mwenye mambo mengi ndani. Fundi atakayemfungua atapandishwa, atapewa nyumba Dar, atapelekwa ng'ambo kusoma digrii. Fundi huyo nilikuwa mimi. Sitajifanya kwamba sikuiona kichwani fremu ya pili ukutani kwangu.

Siku hiyohiyo Katibu alirudi kutoka uani, akasimama mbele ya Afande kama askari.

"Makao Makuu yamejibu. Mugenzi ni chombo kilichoharibika. Afunguliwe. Sehemu zake zitumike kunikarabati mimi."

Yaani oneni maajabu. Serikali ya hapa duniani na serikali ya huko juu, zisizojuana, zisizosalimiana, ambazo kama zingekutana zisingekubaliana hata juu ya saa ya kula, zilikubaliana jambo moja: kuua kile chuma pekee kilichowahi kumwokoa mtu.

Mama Esperansi alinifuata karakana. Hakulia. Alisimama na mwiko wake.

"Fundi, utamfungua?"

"Mama, mimi ni mtumishi."

"Ego, ndiyo. Hata waliotufukuza sisi kwetu walikuwa watumishi." Akarudi jikoni.

Vijana, fundi mwenye elimu ana silaha moja ambayo fundi wa kona hana: anajua kuchelewesha kazi kwa lugha ya kitaalamu. Nilimwambia Afande boliti za Mugenzi zina pembe saba, hakuna spana yake nchini, na kutumia koleo kutaharibu nyuzi. Ilikuwa kweli. Nikasema nitachonga spana kutokana na springi kuukuu ya Land Rover, na chuma kile lazima kichongwe kwa tupa laini, bila haraka, kisipoteze ugumu. Hiyo haikuwa kweli sana. Nikachonga. Nikachonga siku nzima nikapata ung'avu. Siku ya pili nikachonga nikatoa ung'avu. Afande akija anakuta nafuu, akiondoka hakuna nafuu. Mwisho akavuta kiti akakaa mbele yangu.

"Mtani, tupa yako inaongea Kiha. Inasalimia chuma tangu juzi. Kesho asubuhi, ama umfungue wewe, ama namleta yule wa grisi na shoka."

Hapo utani ulikuwa umeisha. Nilimwona machoni. Naye alikuwa na wakubwa wake, na pensheni, na watoto shule.

Asubuhi ile Mugenzi alikuja mwenyewe, bila kuburutwa, akalala juu ya meza ya kusafishia samaki iliyotolewa uani. Katibu alisimama kichwani kwake akisubiri vipuri. Askari walizunguka. Nje ya senyenge walijaa wanawake wa dagaa, Waha na Warundi, mikono viunoni, wamewaacha dagaa wao kwa kunguru. Mama Esperansi alivuka mlango bila ruhusa akakaa chini kando ya meza, na hakuna askari aliyethubutu kumwinua, kwa sababu wote walikuwa wanakula kwake.

Nilitia spana kwenye boliti ya kwanza. Iliingia sawasawa. Ilikuwa spana nzuri sana, nasema hivyo kama mtaalamu. Mkono wangu haukuzunguka.

"Afande," akasema Mugenzi pale alipolala. "Shikamoo."

Afande alishtuka. "Marahaba."

"Habari za nyumbani? Watoto hawajambo? Mama watoto? Ng'ombe wa Tabora? Mvua?"

"Hawajambo. Nzuri. Nyamaza, tufanye kazi."

"Nataka kuuliza kitu kimoja tu. Babu zako walifika Ujiji hapo jirani na kubeba mizigo ya watu mpaka pwani. Begani. Miezi kwa miezi, jua na mvua. Nimeambiwa hakuna hata mmoja aliyewahi kufungua mzigo kuangalia ndani kuna nini. Sasa wewe mjukuu wao," akainua kichwa, "huu udokozi umejifunzia wapi?"

Kunguru wenyewe waliacha kupiga kelele. Nilimtazama Afande Maganga. Mshipa wa shingo ulimsimama, mkono ukaenda kwenye mkanda. Kisha nikaona shavu moja linacheza. Alijaribu kulizuia. Mtu mzima, afande, askari wake wanamtazama, na shavu linacheza.

"Babu zangu," alisema, "hawakufungua kwa sababu mizigo ya siku zile ilikuwa na adabu! Haikuwa na domo kama lako, wewe Muha wa bati!"

Wanawake wakapiga vigelegele mpaka senyenge ikatikisika.

"Amejibu! Amejibu! Kamwita Muha!"

"Ameshamjibu huyo! Hafunguliwi tena!"

Mama mmoja mnene wa Ujiji, aliyekuwa mbele, akapaza sauti akimnyooshea Afande kidole: "Mnyamwezi wee! Mtani unamjibu kwa mdomo, halafu unamchinja kwa spana? Nani kakuzaa?"

Afande alisimama pale akagundua alichofanya. Angemnyamazia, Mugenzi angebaki chuma. Amemjibu, amemkubali. Sasa mezani amelala mtani wake, na askari wake, ambao nusu yao walikuwa Wanyamwezi wa kwao, walikuwa wameshusha bunduki na wanacheka kwa kuziba midomo. Akanigeukia.

"Ondoa hiyo spana."

Niliiondoa haraka kuliko kazi yoyote niliyowahi kufanya.

"Lakini amri inasema mmoja afunguliwe," akasema Afande, sasa kwa sauti ndogo, akijifuta jasho. "Nitawaambia nini?"

"Amri haiwezi kubaki bila kutekelezwa," akasema Katibu. "Amri zote mbili zinahitaji mmoja afunguliwe. Kama si yeye, ni mimi. Zilimtaja yeye, lakini utekelezaji ni bora kuliko jina." Na kabla mtu hajasema neno, Mugenzi alipoteremka, Katibu akapanda mezani akalala, miguu imenyooka.

Mugenzi alirudi akamsimamia. "Katibu, inuka. Umelala kama Mnyamwezi aliyeona kilima."

Katibu alizidi kunyoosha miguu.

"Katibu, wewe ukifunguliwa tutakuta nini zaidi ya misumari ya ghala? Inuka, nitukane. Niite hata sufuria. Neno moja tu."

"Sijapewa kibali cha kujibu," akasema Katibu.

Mugenzi alimwambia mengine mengi, ya Kirundi, ya Kiha, ya kwao wenyewe. Wanawake walijaribu pia. Yule wa Ujiji alimtukana kwa ufundi wa hali ya juu. Hakujibu. Hakuna mtu wala chuma aliyeweza kumfanya ajibu, na mimi nilikuwa na spana, na Afande aliinamisha kichwa.

Nilimfungua kama inavyopaswa kumfungua mtu. Mama Esperansi alivua kitenge chake cha juu akakitandika mchangani, na kila boliti iliyotoka niliilaza kwa mpangilio uleule ilivyotoka, ya kwanza kulia, ya mwisho kushoto. Hivyo ndivyo inavyofanywa, na fundi anayetupa boliti zote kwenye kopo moja mfukuzeni.

Nilipofika kifuani nikakuta pembe yake ya kurushia ripoti. Waya unaotoka kwenye pembe kwenda mgongoni ulikuwa umekatika. Haukukatika siku ile. Umeota kutu ya kijani, na mahali palipoachana palikuwa na konokono mdogo wa ziwani, amekufa zamani, gamba limekauka. Umekatika tangu siku ile walipoanguka majini. Nikaweka kijiti cha Mzee Rajabu nikafumba macho. Ndani kulikuwa bado kuna sauti ndogo: ripoti zake zinazunguka tumboni, zinagonga ukuta, zinarudi. Alichokiita jibu la Makao Makuu ilikuwa sauti yake mwenyewe. Hakuna huko juu aliyewahi kumsikia. Hakuna aliyesema Mugenzi afunguliwe.

Niliwaambia wote. Mugenzi alikaa chini kando ya kitenge, na tumbo lake halikutoa mlio wowote.

Masanduku ya Katibu yalipakiwa kwenye treni yakaenda kwa wakubwa. Sijawahi kusikia walichogundua. Nadhani wanasubiri kibali cha kuyafungua. Nyumba ya Dar sikuipata, na digrii ya ng'ambo aliipata mtaalamu wa grisi. Afande alifungua mlango wa ghala mchana, mbele ya watu, akamwambia Mugenzi, "Ondoka na domo lako, kabla sijakutafutia mzigo." Mugenzi akarudi Mwamgongo.

Amani iliporudi ng'ambo, Mama Esperansi alifungasha. Mugenzi alimsindikiza mpaka kwenye boti, akataka kupanda. Mama akamsukuma kifuani kwa viganja viwili.

"Oya, hapana. Hapa una watani. Kwetu utakuwa chuma tu."

Mugenzi alisimama majini mpaka boti lilipopotea. Mimi nilikuwepo. Sina la kuongeza hapo.

Nilikuwa nimeshastaafu habari za Afande Maganga zilipofika. Amefariki kijijini kwake, nje ya Tabora. Nikaenda Mwamgongo kumwambia Mugenzi, naye akauliza treni inaondoka lini. Stesheni walitaka kumpakia kwenye behewa la mizigo. Akamwuliza karani kama marehemu bibi yake alizaliwa au aliagizwa kwa vipuri, tukapewa viti.

Msibani, ndugu wa marehemu walipomaliza kulia na jeneza likiwa tayari, Mugenzi akapita katikati ya watu akaenda kulala ndani ya kaburi. Watoto wakakimbia. Wazee wa Kinyamwezi walicheka mpaka wakashika mbavu, maana walikuwa na wasiwasi Kigoma haitaleta mtani. Wakamwuliza anataka nini ili atoke.

"Nataka mzigo," alisema kutoka mle shimoni. "Wanyamwezi mmebeba vya watu miaka yote. Leo nabeba mimi."

Wakampa. Akatoka, akalichukua jeneza la Afande Maganga mgongoni, peke yake, kama alivyombeba Mama Esperansi kutoka majini. Badala ya kulipeleka moja kwa moja, akalizungusha kijiji kizima taratibu, akimtukana marehemu njia nzima, tumbo lake, pensheni yake, redio iliyomshinda. Mimi nilitembea pembeni na kopo la mawese, maana magoti yake yalikuwa yameanza kulia.

Karibu na kaburi kijana mmoja wa ukoo, mwenye simu kama nyie, akamwuliza kwa kejeli kama hataki kufungua kwanza, aone mle ndani kuna nini.

"Sisi kwetu," akasema Mugenzi, "hatudokoi." Akaliteremsha.